Kisa cha Gemu, Insha ya Nani?

Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi wetu mlioacha shughuli zenu leo, na nyinyi wanafunzi mliopewa viti vya juani huko nyuma: hamjambo? Itifaki imezingatiwa.

Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, mimi huombwa niseme habari za insha, na kila mara naona macho yanavyoanza kusinzia nikifika kwenye aya ya utangulizi. Leo nimechagua kona moja tu, tena yenye ugomvi. Mwanafunzi amecheza gemu nyumbani, au kwenye kile kibanda cha PlayStation cha mtaani kwenu. Kisa chake kimemkaa moyoni. Jumatatu mwalimu ametoa insha, naye akakiandika kile kisa. Ameiba?

Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiyeukubali apate muda wa kunoa maswali. Kisa kinaazimika. Kazi ya kukisimulia haiazimiki, na hiyo ndiyo tunayoitolea alama.

Iko insha moja iliyonifanya nilifikirie jambo hili kwa undani. Iliandikwa na kijana wa kidato cha pili katika shule nyingine, si hapa, naye amenipa ruhusa niisimulie mradi nisimtaje jina. Swali lilikuwa la mdokezo: andika kisa kitakachomalizikia kwa maneno "ndipo nilipomfahamu baba yangu." Kijana akaandika hivi. Mama amefariki. Baba anaingia msituni, anaukata mti wenye alama ya kiganja, anaupanga kuni na kuuchoma mwili wa mama. Majivu anayatia kwenye mfuko mdogo, anaufunga kiunoni. Mama aliacha wosia kwamba majivu yake yakamwagwe kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Baba na mwana wanashika njia. Baba si mtu wa maneno, akitaka kusema na mwanawe humwita "Kijana!" Njiani wanapigana na jitu, kisha na jitu kubwa zaidi, kisha na joka. Baba ana shoka ambalo akilirusha humrudia mkononi. Wanafika kileleni, wanayamwaga majivu, na hapo ndipo alipomfahamu babake.

Naona huko nyuma mmeshaanza kucheka. Mnamjua huyo baba. Anaitwa Kratos, na gemu yenyewe ni God of War, ile ya mwaka 2018 iliyotengenezwa na Santa Monica Studio na kutolewa na Sony. Mwalimu wake hakumjua. Alimpa alama 16 kati ya 20, kiwango cha A hicho, tena akaisoma insha kwa sauti mbele ya darasa iwe mfano kwa wengine. Hajafika aya ya tatu, darasa zima likawa linaitikia "Kijana!" kila baba alipofungua mdomo.

Chumba cha walimu kiligawanyika. Mmoja alisema apewe sufuri na mzazi aitwe. Mwingine akasema mtoto ameandika Kiswahili safi, na gemu ile ni ya Kiingereza, sasa kilichoibwa ni nini? Wa tatu, naye ndiye aliyenichekesha, akasema gemu si kitabu kwa hiyo haihesabiki. Inahesabika, mwalimu mwenzangu. Gemu hiyo ina waandishi watatu wanaojulikana kwa majina, Matt Sophos, Richard Zangrande Gaubert na Cory Barlog, waliokaa wakatunga maneno yanayotoka kinywani mwa Kratos.

Karatasi ikaletwa kwangu. Na nikiri kwamba kilichonikera kwanza hakikuwa wizi. Kijana alikuwa ameweka kisa chake Kaloleni. Kaloleni, Kaunti ya Kilifi! Mwanamume wa Kaloleni amefiwa na mke, akamchoma moto nyuma ya nyumba, na hakutokea hata jirani mmoja kuuliza moshi ule ni wa nini. Wakwe hawakuarifiwa. Hakukuwa na turubai, hakukuwa na matanga, hakuna aliyechangisha pesa, hakuna shangazi aliyelia huku akikumbusha mahari iliyobaki. Na kile kilele chenye theluji, kilichomozea wapi nyuma ya minazi ya Kaloleni? Alichohamisha ni jina la mahali. Watu wa mahali pale hakuwaleta.

Tulikaa naye na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Nilimwambia apige mstari wa buluu chini ya kila jambo ambalo mtu yeyote duniani angeweza kulifikiria bila kuiona gemu. Baba na mwana wasiozoeana: buluu. Kufiwa na mama aliyekuwa akiwaunganisha: buluu. Safari ndefu ya kumpeleka marehemu alikotaka apelekwe: buluu. Kisha nyekundu chini ya vitu ambavyo lazima vimetoka kwenye gemu. Mti wenye kiganja, nyekundu. Shoka linalorudi, nyekundu. Ule wito wa "Kijana!", nyekundu. Mfuatano wa majitu, nyekundu. Alipomaliza aliitazama karatasi akasema, "Mwalimu, ya buluu ni machache." Yalikuwa machache kweli, lakini ndiyo yaliyobeba kisa chote, na hayakuwa na mwenyewe.

Wanasheria nao hupita njia hiyohiyo. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaoifunga Kenya pia, unasema katika kifungu cha 9 kwamba hakimiliki hulinda jinsi jambo lilivyoelezwa na hailindi wazo lenyewe. Mpaka kati ya hayo mawili uko wapi? Mwaka 1930 kule Marekani, mwandishi Anne Nichols alidai kwamba kampuni ya filamu ya Universal imemwibia tamthilia yake: familia ya Kiyahudi na familia ya Kiairishi zinazogombana, watoto wao wanapendana na kuoana. Jaji Learned Hand alimkatalia. Alieleza kwamba kisa chochote ukikivua maelezo yake moja baada ya jingine, unafika mahali kinakuwa cha jumla mno hata hakiwezi tena kuwa mali ya mtu, na kwamba hakuna awezaye kuuchora mpaka huo kwa rula. Jaji mzima. Basi tusimlaumu sana mwalimu wa kidato cha pili.

Lakini tusichanganye kesi mbili. Hakimiliki ni moja, wizi wa kitaaluma ni nyingine. Ukinakili ukurasa mzima wa mwandishi aliyekufa zamani, kwa sheria ya Kenya kazi yake ikiwa imepita miaka 50 tangu kifo chake, hakuna mrithi atakayekupeleka mahakamani, ila mwalimu wako ana kila sababu ya kukurudishia karatasi. Upande wa pili, uandike riwaya nzima ya Kratos na shoka lake, na kwenye jalada utangaze wazi kwamba umeitoa kwenye God of War: hujamdanganya msomaji hata mmoja, lakini mawakili wa Sony wanaweza kukutafuta. Darasani tunahangaika na kesi ya udanganyifu. Nani amefanya kazi hii, na je, msomaji ameambiwa kweli?

Sasa mtaniuliza kama wakubwa waliazima. Waliazima sana. Shakespeare alipoandika tamthilia ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitia katika Kiswahili ikachapishwa mwaka 1963, kisa alikitoa kwa Plutarch, Mgiriki, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya mwaka 1579. Lakini huyo yuko mbali. Tuje kwetu.

Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kilitoka mwaka 1952. Msingi wake ni kisa cha Abdallah bin Fadhil na nduguze, kilichomo katika Alfu Lela Ulela. Kule, liwali wa Basra huwachapa viboko mbwa wawili kila usiku, na mbwa hao ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa; habari zinamfikia Khalifa Harun Rashid. Shaaban Robert aliwafanya mbwa kuwa manyani. Basra ikawa Janibu, Khalifa akawa Mfalme Rai, na wale ndugu wawili akawaita Hasidi na Mwivu, usije ukasumbuka kujua tabia zao. Badiliko la manyani mimi hulipenda mno. Mbwa anachapwa na watu hawashtuki, wameshazoea kuona. Nyani ana uso. Ana mikono ya kujikinga. Nyani akichapwa humwoni mnyama tena, unaona mtu anayedhalilishwa. Badiliko dogo, na kisa kizima kinapata uchungu mwingine. Halafu kuna lugha: soma sentensi mbili tu, bila kuangalia jalada, na utajua ni ya nani.

Au Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko chake, ana rafiki yake Najum wa kumshangaa anapofumbua mafumbo, na hakuna msomaji wa Sherlock Holmes asiyeona ukoo ulikotoka. Lakini mwili wa marehemu unapatikana kwenye mzimu, mahali ambapo nusu ya watu wanaogopa hata kupita, na mpelelezi lazima ajue nani anaogopa nini na kwa nini kabla ya kuuliza swali la kwanza. Holmes angekwama hapo asubuhi ileile.

Na hao wenye gemu je? Katika visasili vya watu wa kaskazini ya Ulaya, vilivyoandikwa Iceland katika karne ya 13, Loki ni mtoto wa Laufey na jitu liitwalo Farbauti; na katika gemu, yule mwana wa Kratos ndiye Loki. Wenye God of War walimbakiza mama, wakamwondoa baba, wakamweka Kratos, ambaye tayari walikuwa wamempitisha katika visasili vya Wagiriki kwenye gemu yao ya kwanza ya mwaka 2005. Ukoo mzima wa kuazima! Kilichoifanya ya 2018 iwe hai ni jambo ambalo halimo katika kisasili chochote. Cory Barlog, aliyeiongoza kazi hiyo, amesema hadharani kwamba alikuwa amepata mtoto wake mwenyewe, na wasiwasi wa baba asiyejua aseme nini na mwanawe akauingiza humo. Mnapoucheka ule wito wa "Kijana!" mnacheka kitu kilichotoka katika nyumba ya mtu.

Nirudi kwa kijana wetu, maana alikuwa na tatizo jingine ambalo halihusu wizi kabisa na ambalo naliona kwenye insha nyingi siku hizi. Gemu husimuliwa na vidole vyako. Unapigana na jitu kwa dakika kumi, unakufa, unarudi, unajaribu tena, moyo unadunda. Hofu yako ndiyo inayokijaza kisa. Ukikihamishia kwenye karatasi, vidole havipo, na msomaji hajafa hata mara moja. Kinachobaki ni orodha: akamshinda huyu, kisha akaja mkubwa zaidi, akamshinda huyo, kisha akaja mkubwa kuliko wote. Mhusika hachoki, hasiti, hajutii. Mtahini anasoma huku akihesabu maadui. Ndiyo maana hata ukiniambia hukuiba, bado nitakuuliza mbona kisa hakiendi popote.

Aliandika upya. Nilimpa sharti moja tu, mistari ya buluu ibaki na myekundu yote itoke, ila aruhusiwe kubakiza kitu kimoja. Akakaa na karatasi wikendi nzima. Kisa kipya ni hiki: mama anafariki Mombasa, na aliomba azikwe kwao Kakamega, karibu na kaburi la mamake. Baba ni kibarua bandarini. Kuna kikundi cha WhatsApp cha mchango, kuna mjomba aliyeahidi elfu kumi akatuma mia tano. Gari la maiti linaondoka saa za magharibi. Baba amekaa mbele na dereva, kijana amekaa nyuma kwenye benchi la pembeni, goti lake likigusa jeneza kila gari linapoyumba. Mariakani wanakuta foleni ya malori kwenye mizani. Voi wanapita kimya. Hakuna jitu hata moja. Sikilizeni alivyoandika walipofika Mtito Andei:

"Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Baba alikuwa ameshika chai mbili na mayai mawili ya kuchemsha. Alisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Akaanza kulimenya yai moja, ganda likawa linakatika vipande vidogo vidogo, akawa anavitia mfukoni mwake asivimwage karibu na mama. Mikono yake ilinuka grisi hata siku hiyo. Akanipa yai. 'Kijana,' akasema, 'kula.'"

Kisha sentensi ya mwisho, ile aliyopewa na swali. Hawakufika Kakamega. Hakuna kilele. Alisimama Mtito Andei kwa sababu kisa chake kilikuwa kimeisha hapo, na hilo hakulijifunza kwa Kratos wala kwangu. Kitu kimoja alichobakiza mmekisikia. Neno lilelile lililochekesha darasa zima, limewekwa mahali ambapo hakuna wa kucheka.

Mwalimu alimpa 15. Ndiyo, alama moja chini ya ile ya majitu, na kwa vipimo vyetu 15 ni kiwango cha B. Kulikuwa na makosa ya tahajia, hilo sikatai. Lakini pembeni aliandikiwa pia: "Pamba lugha yako." Na hapo, walimu wenzangu, mniwie radhi, nina neno nanyi.

Sote tunayajua mapambo yanayotakiwa. "Nilirauka alfajiri na mapema, nyuni wakitumbuiza, umande ukimetameta nyasini." "Nilitoka shoti nikiiambia miguu niponye." Nimesahihisha karatasi ambapo mtoto wa Turkana na mtoto wa Lamu wameamshwa na nyuni walewale, wakaukanyaga umande uleule. Insha zimevalishwa sare. Yale maneno hayakutungwa na mtoto. Ameyatoa kwenye daftari la misemo tulilomwamuru akariri, na ziko shule ambapo anakariri insha nzima, akisubiri swali lolote aibandike. Tukikuta aya tatu za mwalimu ndani ya insha ya mwanafunzi tunaandika "Hongera." Tukikuta kisa cha gemu tunamwita mzazi. Mimi nasema la kwanza ni zito kuliko la pili. Aliyeazima kisa bado alilazimika kutafuta sentensi zake. Aliyekariri sentensi hakuwa na cha kutafuta. Kama tunataka kusema na watoto juu ya wizi wa kitaaluma, tuanze na madaftari yetu wenyewe, kisha ndipo tukifikie kile kibanda cha PlayStation.

Akili unde nitaigusa kwa sentensi moja, kwa kuwa najua mmeisubiri: aliyeagiza mashine imwandikie insha hajaazima kisa, ameagiza kazi yenyewe, na kwa kipimo nilichokitoa mwanzo hana alama ya kudai.

Sasa mambo ya vitendo. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, Karatasi ya 1 ya Kiswahili inakupa saa 1¾ kuandika insha 2, kila moja isiyopungua maneno 400, na hakuna nafasi ya kumwandikia mtahini kwamba kisa umekipata wapi. Huko fanya alichofanya kijana wa Mtito Andei: vua kila kitu chenye jina la mwenyewe, ubaki na kile ambacho mtu yeyote angefiwa nacho au angefurahia, kisha ukilete nyumbani kwenu kwa ukamilifu, pamoja na majirani. Gemu ya San Andreas, ile ya mwaka 2004, ambayo wenye umri wangu hapa mnajifanya hamuijui, inaanza na mtu anayerudi nyumbani kumzika mamake baada ya miaka mitano mji wa mbali, akamkuta kaka mwenye kinyongo. Ondoa bastola na magari ya kuiba, na hakuna kijiji Kenya kisicho na kisa hicho. (Na gemu hiyo ni ya watu wazima, wazazi, imeandikwa kwenye jalada.)

Kwa mashindano ya insha ya shule hii na kwa jarida lenu, nimeongea na Mwalimu Mkuu na amekubali utaratibu huu. Chini ya insha yako, nje ya hesabu ya maneno, utaandika mstari mmoja: kisa kimenijia kutokana na gemu fulani, au filamu fulani, au hadithi aliyonisimulia bibi. Mstari huo hautakupunguzia alama. Ukiuacha na ikagundulika kwamba mengi ni ya mtu mwingine, kazi itatolewa mashindanoni. Na walimu nanyi, kama mwanafunzi ametumia aya uliyompa ubaoni, aandike jina lako. Tutaona majina mangapi yatajitokeza.

Mwisho, yupo mzazi aliyenivuta mkono pale langoni akaniuliza kama aufungie kabatini ule mtambo. Mama, hiyo ni nyumba yako na siingilii. Ila kabla hujaufungia, jioni moja mkiwa mezani mwambie akusimulie kisa cha hiyo gemu kwa Kiswahili, tangu mwanzo, wewe usiyewahi kuiona. Muulize yule baba kwa nini hasemi na mwanawe. Muulize mama alikufa kwa nini. Akiweza kukujibu hadi chakula kikapoa, mwachie. Akiishia kukwambia "halafu akampiga, halafu akampiga mwingine", hapo ufunguo ni wako.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali, na tuanze na wale wa juani.